Orodha ya Papaini

Aliyetaka orodha iingizwe ndani ya kompyuta ni mimi, Hulda, si mwingine. Naanza na hilo kwa sababu hapa Vulamba bado wapo wanaosema ni yule mwalimu Mkasai aliyetuponza, na maneno hayo yananikera kuliko njaa.

Mwaka 2001, mwaka wa tatu wa vita, nilikuwa sekretari wa shule ya sekondari ya Waprotestanti hapa Vulamba, mjini Butembo. Nilikuwa na mashine ya kuandika iliyokwamakwama, karatasi za kaboni zilizotumika hadi zikatoboka, na ulimi mrefu. Serikali ya Kinshasa ilikuwa ng'ambo ya vita. Wakubwa waliotutawala kutoka Beni walikuwa na bunduki, mihuri na vizuizi vya barabarani, lakini chaki hawakuwa nayo. Kwa hiyo shule ilibebwa na wazazi. Wao ndio waliolipa walimu, wao ndio walioezeka bati, na hata kengele ilikuwa rimu ya lori aliyoileta mzazi mmoja.

Mwalimu Kabongo alitumwa kwetu kutoka Kasai kabla ya vita, vita vikamfungia njia ya kurudi. Alikuwa mrefu, mpole, anayesema polepole kama mtu anayehesabu maneno yake. Alifundisha darasa la biashara, na programu ya masomo ilidai wanafunzi wajue kompyuta. Kompyuta hatukuwa nayo hata moja. Basi alichora vibonye ubaoni, kila mtoto akavinakili kwenye dawati kwa kalamu, wakawa wanagonga mbao kwa vidole kumi. Nilikuwa nampitia mlangoni na kumtania.

"Mwalimu, hii piano yenu ya mbao italia lini?"

"Italia, Mama Sekretere. Siku bazazi batapenda."

Wazazi walipenda. Pesa ndizo hazikuwepo, ila papaini ilikuwepo. Kwa asiyejua, watu wa Mangina na Mabalako huchanja mapapai mabichi yakiwa bado mtini, hukinga utomvu, huukausha na kuujaza katika mikebe, na wafanyabiashara wa Butembo huununua na kuupeleka Kampala, na kutoka huko huuzwa Ulaya kwa watengenezaji wa dawa. Watoto wengi wa huko walisoma kwetu na kulala bwenini. Kamati ya wazazi ikaamua kwamba kila familia italeta inachoweza, na kila kitu kitahesabiwa kwa mikebe ya papaini. Mwenye maharage ayabadilishe kwanza sokoni. Vagheni, mfanyabiashara mwenye lori, angeuza mzigo huko Kampala na kurudi na kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini, na Kabongo angefuatana naye ili asiuziwe makopo matupu.

Sasa, kwetu mchango husomwa kanisani kwa majina. Mtu akitoa kuku, jina lake na kuku wake vitasikika. Asiposikia jina lake atakwenda nyumbani amenuna, na Jumapili nyingine hatatoa hata yai. Kwa hiyo foleni ilikuwa mlangoni kwangu, si mlangoni kwa mhazini. Kila mmoja alitaka kuniona nikimwandika. Papa Ananie Kitsa, prezida wa kamati, alitangaza mikebe kumi mbele ya kanisa zima, watu wakapiga makofi. Akaleta miwili. Mingine, alisema, inakuja. Mimi nikaandika miwili, maana sikuwa nimezaliwa kwa kumwogopa Ananie.

Na akaja Mama Gracieuse wa Mabalako, mjane, mama yake Mariette wa mwaka wa nne. Alileta mikebe kumi na minane. Hakuna familia nyingine iliyovuka mitano. Niliiangalia mikono yake alipokuwa akiipanga sakafuni. Utomvu wa papai hula ngozi, na vidole vya mama yule vilikuwa vimemenyeka na kupona, vikamenyeka tena, hadi havikuwa na mistari.

"Andika muzuri, Mama Hulda. Gracieuse, Mabalako, kumi na nane. Siku banafungua, nitakuja kuona jina yangu."

"Utaiona."

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Nilimpa Kabongo nakala ya orodha yangu, familia themanini na tatu, nikamwambia akishanunua mashine huko Kampala ayaandike majina yote ndani yake, ili siku ya ufunguzi wazazi wajione kwenye kioo cha kompyuta. Alicheka, akasema atafanya na zaidi. Nilijivuna wiki nzima. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Wiki ya tatu Vagheni alirudi peke yake. Alikuja shuleni moja kwa moja, hajanawa hata uso, akatukuta mimi na Papa Ananie ofisini.

"Bamekamata mashine ku Beni," alisema. "Zote ine. Na mwalimu."

"Bamemukamata juu ya nini?" Ananie aliuliza.

"Banasema ni bintu bya kupeleka habari ku Kinshasa. Na yeye ni mutu ya kule. Aliongea kidogo tu, bakasikia hapana mutu ya hapa."

Kesho yake asubuhi tulipanda lori la Vagheni, Ananie na mimi, na barua ya kamati yenye mhuri wa shule. Kutoka Butembo hadi Beni si mbali, lakini kila kizuizi kilitaka chake. Njiani Vagheni alitueleza lililomtia hofu zaidi. Juma lililopita wapiganaji wa Maï-Maï walikuwa wamewavamia askari upande wa Mangina. Tangu siku hiyo kila aliyepita vijijini akikusanya vitu vya watu aliitwa mchangishaji wa Maï-Maï. Huko Mabalako walikuwa wamewachukua wanaume wawili kwa sababu ya daftari la chama cha mazishi. Daftari lilikuwa na majina na namba, basi. Hawajarudi.

Nilishikilia ubao wa lori. Majina, vijiji, namba. Nilikuwa nimeiandika orodha ile kwa mikono yangu, nikaipiga chapa safi, mstari mmoja kwa kila familia. Nikasema moyoni, Hulda, umewauza watu.

Bureau ya usalama ilikuwa nyumba ya zamani ya mkulima wa Kizungu, yenye baraza pana. Mkubwa wake aliitwa Kommanda Elikia, mtu wa mkoa wa Équateur, mnene, ananyoa ndevu vizuri, ana Biblia mezani karibu na bastola. Kando yake aliketi Sergent Jephté, mtu wa miaka arobaini na kitu, miwani yake imefungwa kwa uzi, na daftari mapajani. Kompyuta zetu nne zilikuwa zimepangwa mezani. Kabongo alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Alipojaribu kusimama kwa heshima ya Papa Ananie niliona vidole vyake. Vilikuwa vimevimba, vyeusi, haviwezi kukunja.

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

Kommanda aliisoma barua yetu polepole, akaiweka chini ya Biblia.

"Munasema ni ya masomo. Malamu, ni muzuri. Miye hapana mupumbavu, ninajua ordinateur ni nini. Lakini ninataka kuona mu tumbo yake. Sergent, bawashe groupe."

Askari walitoka kuhangaika na jenereta nyuma ya nyumba. Ikakohoa, ikazima, wakaivuta tena. Kommanda alisimama barazani kuwafokea, na katika dakika hiyo moja Kabongo alinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Mama Sekretere. Karatasi nilichoma ku Kampala, lakini liste iko mu ile ya tatu, ile inapasuka ku kona. Niliiweka inajifungua yeye peke. Ukiiwasha tu, majina inatoka."

"Yeye peke?"

"Nilitaka bazazi bafurahi."

Hiyo ndiyo "zaidi" aliyoniahidi. Nilimtazama mtu yule mwema, na sikuwa hata na nguvu ya kumtukana.

Jenereta ikashika. Kommanda alirudi, akatazama vidole vya Kabongo kana kwamba si watu wake waliovivunja, akanigeukia.

"Weye unajua kupiga mashine?"

"Ya kuandika, mon commandant. Hii sijagusa."

"Leo utagusa. Mwalimu atasema, weye utafanya."

Nikaketi. Ya kwanza ililia, ikafikiri, kioo kikawa cha buluu. Kommanda aliuliza redio iko wapi, Kabongo akamweleza kwamba haina. Alizunguka nyuma, akachungulia waya moja moja. Ya pili nayo ikawaka, buluu vilevile. Nilikuwa naomba Mungu wa baba zangu jenereta ife.

"Mon commandant, zote ni vilevile," Kabongo alisema. "Essence ya jenereta itaisha bure."

"Essence ni yangu. Ile ya tatu."

Nikabonyeza. Nilihesabu pumzi zangu. Kioo kikawa buluu, kikakaa hivyo kidogo hadi nikaanza kutumaini, kisha ukurasa mweupe ukajifungua wenyewe. Jina la shule juu, mwaka wa masomo chini yake, na baada ya hapo, mstari kwa mstari, safi kama nilivyofundishwa: Kitsa Ananie, Vulamba, 2. Kamate Maliro, Mangina, 3. Ézéchias, Mangina, 1.

Kommanda aliinama hadi nikasikia harufu ya sabuni yake.

"Hii ni nini?"

Kabongo alinitazama.

"Batu," Kommanda alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Fasi banatoka. Na nombre. Mangina, Mangina, Mabalako. Tatu ya nini? Mbili ya nini? Sergent, funga mulango."

Jephté alifunga mlango. Mimi nilikuwa natazama namba. Hapakuwa na moja iliyozidi ishirini. Mdomo wangu ulisema kabla sijauruhusu.

"Ni ma-point, mon commandant."

"Point ya nini?"

"Ya examen. Batoto ya internat, ya bwenini, banatokaka ku Mangina na Mabalako. Ni juu ya ishirini, ishirini ndiyo point yote."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa muda mrefu hivyo na mtu yeyote, hata mume wangu siku ya posa. Kisha akageukia kioo na kuanza kusoma kwa kidole.

"Mbili juu ya ishirini. Tatu. Moja. Moja. Mbili. Ine. Moja." Kidole kilisimama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri ni hasira, kumbe ni kicheko. "Mwalimu Kabongo! Unafundisha ao unaua?"

"Somo ni ngumu, mon commandant," Kabongo alisema.

"Na huyu wa kwanza? Kitsa Ananie?" Alichomoa barua yetu chini ya Biblia, akalinganisha sahihi. Kicheko kikakauka. "Papa Prezida. Na weye unasoma?"

Papa Ananie aliitazama barua mkononi mwa Kommanda. Nilimwona akitafuta njia na haipo. Mtu mzima, shemasi, aliyetangaza kumi mbele ya Mungu na akaleta miwili.

"Ni mutoto yangu," alisema hatimaye. "Tulimupa jina yangu."

"Na ana mbili?"

"Ana mbili."

"Mutoto ya Prezida, mbili juu ya ishirini!" Kommanda alipiga meza. Askari waliokuwa dirishani walicheka pia. Ananie alinitupia jicho ambalo najua maana yake hadi leo, lakini hakuyumba, na siku hiyo nilimpenda kwa mara ya kwanza.

Nilidhani tumevuka. Kidole cha Kommanda kiliteremka hadi chini kabisa ya kioo, kikasimama.

"Gracieuse. Mabalako. Kumi na nane." Hakucheka. "Solo, kweli? Mu hii masomo ya bajinga, kumi na nane?"

Akamgeukia Jephté kabla sijajibu.

"Ni mwanamuke? Sergent, andika. Huyu ndiye ninatafuta. Sekretere yangu alinitorokea. Mutoto wa kumi na nane, na wa Mabalako, anajua batu ya kule bote." Alinigeukia, mpole kabisa. "Mutamuleta hapa kabla ya Jumapili. Ao Sergent ataenda kumukamata kwabo."

Jephté aliandika. Nilisikia kalamu yake. Nikamwona Mama Gracieuse akiingia mlango ule na vidole vyake vilivyomenyeka, akiulizwa kuhusu mitihani. Angesema ukweli, maana hakujua kingine. Ni mikebe, angesema, tulikusanya mikebe. Na hapo tungekwisha sisi wote, yeye wa kwanza.

"Alikufa," nilisema.

"Nani?"

"Gracieuse. Mwezi wa kumi na mbili. Malaria."

Kabongo hakusita hata kidogo. "Miye mwenyewe nilibeba jeneza, mon commandant."

Kommanda alivua kofia, akainamisha kichwa, na sisi sote tukainamisha, tukamwombea mama aliye hai. "Mwenye kumi na nane ndiye anakufa," alisema akiivaa tena. "Bale ba mbili banabakia. Nzambe, Mungu wangu." Jephté alichora msalaba mdogo kando ya jina daftarini mwake. Kwetu mtu hamtupii mwenzake kifo kichwani, hata kwa mchezo. Mimi nilikuwa nimemtupia, na nilikuwa tayari kumtupia tena.

Hukumu ikatoka. Kompyuta tatu tutazibeba. Mwalimu yuko huru. Ile ya tatu, yenye kona iliyopasuka, itabaki pale bureau, kwa sababu ndiyo iliyomfurahisha. Na Sergent Jephté atafuatana nasi Butembo, ajifunze wiki mbili, arudi kuandika barua za Kommanda.

Ananie alikuwa keshaanza kushukuru. Kabongo ndiye aliyekumbuka.

"Mon commandant, ma-point ya batoto haibakiake inje ya masomo. Ni sheria ya inspection."

"Basi futa. Ninafanya nayo nini?"

"Mama Sekretere," Kabongo alisema, "kamata hiki kibonye, usikiachie. Sasa na A." Orodha yote ikageuka nyeusi. "Achia. Piga kitu yoyote."

Nilipiga. Familia themanini na tatu ziliondoka mara moja. Kwenye karatasi ukifuta jina, ukiliinua kwenye mwanga bado utaliona. Pale hapakubaki hata alama. Kabongo alinionyesha jinsi ya kuufunga ukurasa ili ubaki hivyo, tukatoka.

Jioni hiyo, Jephté akiwa amepangiwa chumba kwa mchungaji, nilichoma nakala yangu ya kaboni jikoni. Siku zilizofuata mimi na Ananie tulipita nyumba kwa nyumba hapa Vulamba. Mbele ya yule mtu wa miwani, tulisema, hakuna mikebe, hakuna majina, hakuna nani alitoa nini. Watu hawakuuliza maswali. Vita vilikuwa vimetufundisha sote kunyamaza kwa haraka. Kwa wazazi wa Mangina na Mabalako nilimtuma dereva wa Vagheni na neno la mdomo tu, kwamba wasije ufunguzi, barabara si nzuri. Sikuthubutu kuongeza zaidi, kwa sababu ya vizuizi. Nilikuwa nimekosea tena. Mama aliyeleta mikebe kumi na minane unamwambia barabara si nzuri, na barabara hiyohiyo ndiyo aliyoipita akiwa na mzigo?

Jumapili ya ufunguzi kanisa lilijaa hadi madirishani. Kompyuta tatu zilikuwa mbele, zimefunikwa vitambaa vyeupe. Jephté aliketi benchi la kwanza, amevaa shati la kiraia, daftari mkononi. Sikuwa na ubaya naye. Alikuwa mwanafunzi mzuri, alifika kabla ya kengele na kufuta ubao bila kuombwa. Lakini alikuwa anaandika kila kitu.

Papa Ananie aliomba sala ndefu. Alipofika mwisho alisema, "Bale balitoa, Mungu anajua majina yabo."

"Mungu anajua. Na siye tunataka kusikia."

Sauti ilitoka nyuma. Niliijua kabla sijageuka. Mama Gracieuse alikuwa amesimama karibu na mlango, kitenge kipya, miguu myekundu kwa vumbi.

"Papa Prezida, nilitembea siku mbili. Balisema nisikuje, nikakuja. Nilitoa bintu mingi, bote hapa banajua. Ninaomba muniwashie kioo nione jina yangu. Miye ni G..."

"Ikala chini!" nilipiga kelele.

Kanisa lote likageuka. Jephté pia.

"Mama Hulda?" Alitabasamu kidogo, akidhani sikumtambua kwa umbali. "Ni miye."

"Hatukujue."

"Ni miye, mama ya..."

"Hatukujue, nimesema!" Nilikuwa tayari njiani kati ya mabenchi, na sauti yangu haikuwa yangu. "Weye ni ule mama anazungukaka mu makanisa ya batu, anadanganya alitoa, alitoa! Hapa hukutoa kitu. Hatujaandika jina yako. Hatujakuona hata siku moja."

Mama Gracieuse aligeukia mabenchi. Alianza kutafuta uso mmoja baada ya mwingine. Alimtazama mke wa mchungaji, aliyempa maji siku alipoleta mzigo. Mke wa mchungaji aliinamia kitabu cha nyimbo. Alimtazama Papa Ananie, naye akafumba macho kana kwamba sala haijaisha. Alimtazama Kabongo, vidole vyake vimefungwa kitambaa, na Kabongo alitazama viatu vyake, machozi yakimdondokea juu yake. Hakuna hata mmoja aliyemjua. Kisha akainua mikono yake miwili, akanionyesha viganja.

"Na hii? Hii nayo inadanganya?"

Mungu anisamehe. "Toka," nilisema. "Toka inje kabla hatujakutoa na nguvu."

Alishusha mikono. "Mariette," aliita, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtoto aje kula. Mariette alishuka kutoka kwenye kwaya na joho lake, akapita mbele yangu bila kunitazama, akamshika mama yake mkono. Wakatoka. Nje jua lilikuwa kali, na kwa muda niliwaona wakiteremka barabara, wote wawili wazima, kisha umati wa mlangoni ukawafunika.

Jephté alikuja kando yangu, kalamu mkononi.

"Ule mama ni nani?"

"Mutu wa kupoteza akili. Juu ya vita."

"Beko bengi," alisema kwa huzuni, akarudi kuketi. Vitambaa vikaondolewa, watu wakapiga makofi, na watoto waliojifunza juu ya mbao waliandika bila kutazama vidole vyao.

Wiki mbili zikaisha, Jephté akarudi Beni na cheti tulichomtengenezea. Siku hiyohiyo nilimtafuta Vagheni, nikamweleza yote, tangu orodha hadi jeneza, nikamwomba aende mwenyewe Mabalako, asimtume dereva. Alikaa siku nne. Nilipoona lori lake sokoni nilikimbia, mimi mtu mzima, na viatu mkononi.

"Ulimuelezea yote?"

"Yote. Na ya Kommanda, na ya kumi na nane. Alinisikiliza mupaka mwisho. Alinipikia na chakula."

"Na Mariette atarudi?"

Vagheni alitikisa kichwa.

"Alisema nini?"

Alisita, maana ni mtu mwenye huruma. Kisha akanipa kama alivyopewa.

"Alisema: 'Ambia Hulda nimesikia, na ninamushukuru. Lakini ile nilisikia ya kwanza, mbele ya batu bote, ndiyo inabakia mu roho.'"

Nilisimama pale na viatu vyangu. Ingekuwa mimi, ningejibu hivyohivyo.